Jumapili Wanakaa Wapi?

Somo: 2 Samweli 12:1-13

Kabla hujashika kazi zako asubuhi hii, hebu keti nami kidogo.

Mwaka huu nimerudi kuwa mwanafunzi, ingawa mvi zimenijaa kichwani. Kila Jumamosi tunakutana katika chuo kidogo cha Biblia, wazee wa kanisa, mashemasi, akina mama wa chama na walimu wa shule ya Jumapili. Mwezi uliopita mwalimu wetu alitugawa katika vikundi vitatu. Kila kikundi kilipewa tatizo moja la jamii, kilichunguze, kisha kisimame mbele ya wenzake na kulieleza.

Kikundi cha kwanza kilieleza pombe haramu. Walitukumbusha Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walipokufa Nairobi kwa kunywa pombe yenye sumu ya methanoli, na wengine wakapofuka macho. Kikundi cha pili kilisema juu ya watoto wa mitaani. Hicho kilikuwa kikundi changu, na sitawachosha nacho. Tulisema maneno mengi, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameketi na mtoto hata mmoja akamsikiliza.

Kikundi cha tatu kilipewa mimba za wasichana. Msemaji wao alikuwa kijana mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliyejitayarisha vizuri sana. Alibandika karatasi kubwa ukutani. Akatuonyesha kwamba, kwa uchunguzi wa serikali wa mwaka 2022, kati ya wasichana 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 15 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Huko Samburu ilikuwa nusu yao. Nyeri na Nyandarua watano tu katika mia. Akaeleza pia kwamba tangu mwaka 1994 serikali imeruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Sisi sote tuliandika katika madaftari yetu. Nami nilitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayesikia habari za nchi ya mbali.

Ndipo mama mmoja wa Chama cha Wanawake, ambaye husema mara chache, akainua mkono. Akauliza, "Mwalimu, hao kumi na watano, Jumapili wanakaa wapi?"

Kijana alitazama karatasi yake. Jibu halikuwamo.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nalo. Miaka minne iliyopita, msichana mmoja wa kwaya yetu, aliyekuwa kidato cha pili, alionekana ana mimba. Jambo lake lilikuja mbele ya kikao cha wazee, na mwandishi wa kikao nilikuwa mimi. Jioni ya Jumamosi ile nilikwenda nikafungua kitabu cha kumbukumbu. Habari yake ni mistari mitatu. Atengwe na Meza ya Bwana miezi sita, aache kwaya, mtoto asibatizwe hata mama arudishwe. Juu yake kuna habari ya mabati ya jiko la kanisa, nayo imejaza ukurasa mzima, maana tulibishana sana kuhusu mabati. Nilitafuta mahali tulipouliza habari za mwanamume. Hatukuuliza. Nilitafuta pia, baada ya ile miezi sita, mahali tulipomtuma mtu kumwita. Hakuna. Tuliandika muda wa kutengwa, na hakuna aliyehesabu siku isipokuwa yeye.

Mfalme Daudi naye aliletewa habari ya tatizo la jamii. Nathani alimsimulia juu ya tajiri mwenye mifugo tele, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi alisikiliza vizuri, akawaka hasira, akatoa hukumu, hata malipo akayataja: mara nne. Katika darasa letu angepata alama za juu. Na hukumu ile haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba alimtafuta mtu yule kila mahali katika ufalme wake isipokuwa kwenye kiti alichokalia, mpaka Nathani alipomwonyesha. Ninampenda Daudi kwa jambo moja hapo. Hakuunda kamati. Alikiri palepale kwamba amemkosea Bwana.

Mimi sikuwa mwepesi kama yeye. Nilikaa siku tisa. Msichana huyo anauza mboga karibu na kituo cha matatu, na kwa muda mrefu nimenunua sukuma wiki kwake, tukiamkiana vizuri, bila kumwuliza kwa nini simwoni kanisani. Siku ya kumi nilikwenda mapema, kabla wateja hawajawa wengi. Nilimwambia kwamba mkono ulioandika ile mistari mitatu ni huu wangu, kwamba tulimwacha, na kwamba naomba anisamehe.

Alikuwa akikata mboga. Hakuacha kukata. Akasema, "Nimesikia, mzee." Kisha, baada ya kitambo, akasema, "Mtoto amefika miaka mitatu. Huwa anauliza nyimbo zile zinaimbwa wapi." Akaja mteja, akamhudumia. Nilingoja. Hakuniambia kwamba amenisamehe, wala sikuona kwamba nina haki ya kumharakisha.

Kikao cha wazee kitakutana Jumapili ijayo baada ya ibada. Nimemwomba mwenyekiti jambo hili liwe la kwanza, kabla ya fedha na kabla ya majengo, na kitabu cha zamani nitakuja nacho. Wazee wawili wamekwisha kuniambia nisifukue yaliyopita. Niombeeni, wasikilizaji, nisiogope kuisoma ile mistari mitatu kwa sauti. Mwombeeni na yeye, na mtoto wake.