Kabila la Simeoni Liko Wapi?

Masomo: Hesabu 25:1-15; 26:1-14; 27:1-7

 

Leo nimechukua kitabu ambacho wengi wetu hukiruka. Jina lake tu linachosha: Hesabu. Kabila hili watu kadhaa, kabila lile watu kadhaa. Nilipokuwa katika chuo cha Biblia nilikisoma ili nipite mtihani, kisha nikakifunga. Nilikifungua tena mwaka 2019, hapa Butembo, kwa sababu ya kilio kimoja nitakachowaeleza.

Sura ya 25 inasema Israeli walikuwa Shitimu, wakaanguka katika dhambi ya Baal-peori, na pigo likaua watu 24,000. Sura ya 26 inaanza mara tu baada ya pigo. Mungu anasema na Musa na kuhani Eleazari. Hakuwaambia wasahau. Hakuwaambia kwamba waliokufa wamekwisha kufa, tusonge mbele. Aliwaambia wahesabu watu tena, kabila kwa kabila.

Chukueni kalamu, tufuate pamoja. Katika hesabu ya kwanza, kule Sinai, sura ya 1, wanaume wa vita walikuwa 603,550. Katika hesabu ya pili, nchi tambarare za Moabu, walikuwa 601,730. Tofauti ni watu 1,820 tu, baada ya miaka yote ya jangwani. Mtu anayesoma mstari wa mwisho peke yake atasema: taifa liko salama, karibu hakuna kilichobadilika.

Sasa shukeni hadi Simeoni. Sinai walikuwa 59,300. Moabu wako 22,200. Wamepungua watu 37,100! Katika kila watu kumi, zaidi ya sita hawako. Biblia haisemi kwamba wote walikufa kwa pigo lile, lakini inatuambia kwamba Zimri, yule aliyeuawa katika dhambi ile, alikuwa mkuu wa nyumba katika kabila la Simeoni. Wakati huohuo Manase aliongezeka kutoka 32,200 hadi 52,700. Faida ya Manase imefunika kilio cha Simeoni, na jumla ya taifa inaonekana nzuri.

Ndiyo sababu Mungu hakutaka jumla peke yake. Alitaka kila kabila, na ndani ya kabila, kila jamaa. Mchungaji anayejua tu kwamba kundi lake ni kubwa hajui bado ni zizi gani limeingiliwa na fisi.

Wapenzi, sisi tulikuwa Simeoni.

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, ikianzia Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu waliohesabiwa kuugua ni 3,470. Waliokufa ni 2,287. Ugonjwa uligusa majimbo matatu na zoni za afya 29. Kivu ya Kusini ilikuwa na wagonjwa 6 tu, kule Mwenga. Karibu wote wengine walikuwa wa kwetu Kivu ya Kaskazini na wa Ituri. Mtu wa Lubumbashi aliposikia namba ile katika habari, aliweza kuendelea kula chakula chake, maana katika nchi ya watu karibu milioni 90, vifo 2,287 ni kama tone. Lakini katika Beni, Katwa na Mabalako zilikuwa nyumba zilizofungwa milango.

Kwa hiyo nataka tujifunze kusikiliza namba kama watu wa Mungu. Unaposikia redio ikisema jimbo fulani lina wagonjwa hawa na vifo hivi, uliza maswali mawili.

Swali la kwanza: kati ya wangapi? Tuseme kartie moja ina watu 1,000, wakafa 5. Kartie nyingine ina watu 20,000, wakafa 10. Redio itaitaja kwanza ile yenye 10. Lakini kule kwenye 5, kila watu 200 wamezika mmoja. Kule kwenye 10, ni mmoja kwa kila watu 2,000. Kilio ni kizito mara kumi pale penye namba ndogo. Tena kuna hesabu nyingine: kati ya waliougua, wangapi walikufa? Kwa Ebola yetu ilikuwa 66 katika kila 100. Kwa Covid-19, Congo nzima ilihesabu wagonjwa zaidi ya 90,000 na vifo karibu 1,500, yaani chini ya 2 katika kila 100 waliojulikana. Usichanganye hesabu hizi mbili, la sivyo utaogopa pasipo sababu, au utadharau penye hatari.

Swali la pili: je, walitafutwa? Covid-19 ilipoingia nchini, mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Mwanzoni vipimo vilifanywa kule kule Kinshasa, katika maabara ya INRB. Basi kila jioni tulisikia orodha: Kinshasa wengi, jimbo hili wachache, jimbo lile sifuri. Nilisikia watumishi wa Mungu wakisema, sifuri yetu ni matunda ya maombi. Maombi yana nguvu, nami naamini. Lakini sifuri ya asiyepimwa si sifuri ya mzima. Mahali pasipo kipimo, mtu hukohoa, hufa, huzikwa, na karatasi hubaki nyeupe. Na jimbo lenye namba kubwa huenda ndilo lililokubali kutafuta wagonjwa wake.

Sasa niwaeleze kilio nilichosema.

Mnakumbuka jinsi tulivyosema mwaka ule: Ebola ni biashara. Siwacheki waliosema hivyo. Tangu mwaka 2014 watu wa Beni walichinjwa, na tuliona msaada mdogo. Kisha Ebola ikaja, na magari yakajaa barabarani. Desemba 2018 nchi ilipiga kura, lakini Beni na Butembo tukaambiwa tungoje hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa sababu moja. Nani asingeshuku? Lakini mimi sikuishia kushuku nyumbani kwangu. Nilipanda nayo madhabahuni.

Mapema mwaka 2019 mama mmoja wa kanisa letu aliugua siku chache, akafa kitandani kwake. Watoto wake wakaniita usiku. Wakaniuliza: baba mchungaji, tuwaite watu wa Riposte wampime kabla ya kuzika? Niliwajibu hivi, na maneno haya yamebaki kinywani mwangu kama majivu: mama huyu ni wa Yesu, hatakuwa namba ya mtu. Tukaomba, tukaimba. Binti zake wawili wakamwosha. Alfajiri tukamzika.

Kabla ya majuma matatu kwisha, binti wote wawili waliugua, na mjukuu mmoja. Safari hii walipelekwa kutibiwa. Binti mmoja alirudi. Mwenzake na mtoto hawakurudi.

Kikaja kikosi na daftari. Kijana mmoja, mwenyeji wa hapa hapa, anayesema Kinande kama sisi, akauliza: kabla ya hawa, nani alikufa katika nyumba hii? Hakuna aliyejibu. Wote wakanitazama mimi. Nikataja jina la mama. Akaliandika. Akauliza tarehe, nani alimwosha, nani alikuja kilioni, nani amesafiri. Nilidhani anaandika namba. Alikuwa anaandika majina! Na jina langu lilikuwemo. Nilichanjwa, nikapimwa joto kila asubuhi siku 21, na kila asubuhi nilikuwa na nafasi ya kutubu.

Katika wale 3,470, wako 3,317 waliothibitishwa kwa kipimo, na 153 waliozikwa bila kipimo, ambao watafutaji waliwatambua baadaye kwa kufuata nyayo za ugonjwa. Mama yetu ni mmoja wa wale 153. Nilimnyima mahali pake katika hesabu nikidhani namlinda. Kumbe hesabu ile ingewalinda watoto wake. Kama angepimwa usiku ule, binti zake wasingemwosha kwa mikono mitupu, wangechanjwa mapema, na wangetibiwa tangu dalili ya kwanza. Mwezi Agosti mwaka ule ilitangazwa kwamba dawa mbili zinaokoa wengi, moja yake iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Ebola kule Kikwit mwaka 1995. Waliofika mapema, kabla virusi havijazidi mwilini, karibu tisa katika kumi walipona. Walioletwa wamechelewa walikufa wengi.

Na kuna waliolipa damu kwa ajili ya daftari lile. Tarehe 19 Aprili 2019, katika mji wetu huu, Munganga Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun, aliuawa kwa risasi. Kazi yake ilikuwa kufuata nyayo za magonjwa. Alitoka kwao kuja kujua wagonjwa wetu ni wangapi na wako wapi.

Lakini mtaniuliza: baba mchungaji, je, Daudi hakuadhibiwa kwa kuhesabu watu? Ndiyo, 2 Samweli 24. Lakini soma vizuri. Daudi alihesabu wenye kushika upanga, na hata Yoabu alishangaa kwa nini mfalme alitamani jambo lile. Pigo lilipopita, Biblia yenyewe haikuficha: inaandika watu 70,000 toka Dani hata Beer-sheba, yaani mwisho wa nchi hadi mwisho wa nchi. Kuhesabu ili ujisifu ni dhambi. Kuhesabu ili ujue pa kupeleka msaada ni kazi Mungu aliyompa Musa na kuhani.

Tazameni pia Haruni katika Hesabu 16. Pigo limeanza, anachukua chetezo, anakimbia, anasimama kati ya wafu na walio hai, na pigo linazuiliwa. Waliokufa wanaandikwa: 14,700. Haruni ni mwombaji, lakini hakukana kwamba kuna wafu. Mtu hawezi kusimama kati ya wafu na walio hai kama hataki kujua wafu wako wapi.

Na mara tu baada ya hesabu ya Moabu, sura ya 27, wanakuja binti watano wa Selofehadi. Hesabu ile ilikuwa ya wanaume wa vita, wao hawakuandikwa. Baba yao amekufa jangwani bila mtoto wa kiume, nao wanasimama mbele ya Musa kuuliza kwa nini jina la baba yao lifutwe katika jamaa yake. Mungu akasema wana haki. Hesabu za wanadamu, hata iliyofanywa na Musa, zina watu waliobaki nje. Dawa yake ni waliobaki nje kuja mbele na kusikilizwa. Kuichoma karatasi hakumrudishi aliyesahauliwa.

Mtu mmoja ana uzito gani? Aprili 2020 tulikuwa tumekaa siku 52 bila mgonjwa mpya. Tarehe 12 ingetangazwa kwamba Ebola imekwisha. Tarehe 10, siku mbili kabla, mgonjwa mmoja akapatikana Beni. Mmoja tu! Hesabu ikaanza upya, na tukangoja hadi mwisho wa Juni. Yesu alituambia habari za kondoo mmoja katika mia, Luka 15. Yule mchungaji asingejua kwamba mmoja hayupo kama hakuwahesabu wote.

Basi, kanisa, naomba mambo matatu, maana magonjwa hayajakwisha. Kipindupindu kiko, mpox iko, na Ebola inaweza kurudi.

La kwanza, usifiche mgonjwa wala maiti. Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Tuite, tutakuja. Na sisi wazee tukifika, tutaita munganga. Mchungaji akikwambia umfiche mgonjwa ili umlinde, usimtii, hata akiwa ni mimi.

La pili, mareko wa kartie wanapopita nyumba kwa nyumba, wapeni kiti na mwambieni kweli. Wengi wao ni watoto wenu.

La tatu, kila kiongozi wa seli awe na daftari. Kila juma aandike nani hakuja na kwa nini. Asiandike ili kumhukumu mtu. Aende kumtafuta.

Tuombe. Baba, wewe unayezijua nywele za vichwa vyetu, utusamehe sisi wachungaji tuliofunga vinywa vya watu wako. Uwakumbuke walioandikwa na wasioandikwa, toka Mangina hadi Mwenga. Uwafariji waliobaki katika kila nyumba ya Simeoni. Utupe moyo wa kumtafuta mmoja asiyeonekana. Katika jina la Yesu Kristo, amina.