Kipa Aliyekosa Timu

Mazungumzo ya redio. Somo: 1 Samweli 16:10-13 na 17:12-37

 Twawasalimu mlio nyumbani mkinywa chai, mlio safarini, na hasa nyinyi vijana mlioamka asubuhi ya leo bila kazi ya kwendea. Mazungumzo yetu leo ni yenu. Lakini twawaomba wazazi wenu nao wasizime redio, kwa maana wanalo neno lao mbele.

Kila apendaye kandanda ajua kwamba kazi ya golikipa haifanani na kazi ya wachezaji wengine. Timu ina watu 11 uwanjani, lakini golikipa ni mmoja tu. Mshambuliaji wa akiba aweza kuingizwa dakika za mwisho akajaribu bahati yake. Kipa wa akiba hana dakika za mwisho. Yule wa kwanza akiwa mzima na akidaka vizuri, huyu wa pili aweza kukaa kwenye benchi tangu mwanzo wa msimu mpaka mwisho wake asiguse mpira katika mechi hata moja. Na bado kila siku sharti afanye mazoezi sawa na mwenzake, aruke, aanguke, achubuke magoti, kana kwamba kesho ndiye atakayecheza. Wa tatu na wa nne je? Hao mara nyingi hata benchi hawalipati.

Twataka kuwaeleza habari za kijana mmoja aliyepita katika njia hiyo. Jina lake ni Edouard Mendy. Alizaliwa mwaka wa 1992 huko Montivilliers, karibu na mji wa bandari wa Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake alitoka Guinea-Bissau, na mama yake Senegal. Alijifunza mpira katika timu za vijana za huko kwao, lakini hakuwa miongoni mwa wale wanaosemwa tangu utotoni kwamba watakuwa nyota. Mwaka wa 2011, alipokuwa na umri wa miaka 19, alijiunga na timu ya Cherbourg, timu ndogo ya ligi za chini, mbali na viwanja vikubwa na magazeti makubwa. Huko nako hakupewa lango mara moja. Alingoja zamu yake.

Mwaka wa 2014 mkataba wake ulikwisha. Wakala wake alikuwa amemwambia kwamba iko nafasi huko Uingereza. Kijana akangoja simu. Siku za usajili zikapita, nafasi haikuonekana, na wakala naye akanyamaza. Hivyo, akiwa na miaka 22, umri ambao mchezaji hutazamia kuanza kula matunda ya jasho lake, Mendy alijikuta hana timu, hana mshahara, wala hana mtu wa kumwombea kazi. Akaenda kujiandikisha katika ofisi ya serikali inayowasaidia watu wasio na kazi. Amesema mwenyewe baadaye ya kwamba alifikiri kuacha mpira kabisa na kutafuta kazi nyingine.

Ndugu zetu, hebu tutulie hapo kidogo, maana hapo ndipo wengi wetu tulipo. Katika kazi yetu ya uchungaji tumeketi na vijana wengi wenye bahasha za vyeti. Wamesoma kwa karo iliyouzia ng'ombe. Wametuma barua za maombi mpaka wamechoka kununua karatasi. Wengine waliahidiwa na mtu mkubwa kwamba wangoje kidogo, naye yule mtu hajibu simu tena. Kijana wa namna hiyo haumizwi na njaa tu. Huumizwa na fikira kwamba labda yeye si kitu. Akipita njiani aona kana kwamba kila mtu amuuliza, "Wewe wafanya nini siku hizi?" Akienda kanisani huketi nyuma, atoke upesi kabla ya salamu.

Mendy alifanya nini mwaka ule? Alirudi Le Havre, akafanya mazoezi pamoja na wachezaji wa huko kwao bila mkataba wala malipo. Hakuna aliyekuja kumtazama. Hakuna aliyemshangilia alipodaka. Lakini mikono ya golikipa haiwekwi kabatini ikatolewa siku ya haja. Isipotumika hupoteza wepesi wake. Basi aliitumia.

Mwaka wa 2015 mtu aliyepata kucheza naye Cherbourg alimkumbuka akalitaja jina lake, na habari zikafika kwa walimu wa makipa wa Marseille, klabu kubwa ya kusini mwa Ufaransa. Nafasi iliyokuwako ilikuwa ya golikipa wa nne. Wa nne! Mbele yake walikuwako watatu. Aliikubali. Alikaa huko mwaka mmoja akiichezea timu ya akiba, na katika timu ya kwanza hakucheza hata mechi moja. Mwaka wa 2016 akaenda Reims, timu ya daraja la pili, akawa kipa wa akiba. Na hapo ndipo mlango ulipofunguka, tena kwa njia ambayo hakuna angaliweza kuipanga. Katika mechi ya kwanza ya msimu ule, dakika chache tu baada ya filimbi, kipa wa kwanza alipewa kadi nyekundu. Mchezaji mmoja wa ndani akatolewa ili kipa wa akiba aingie. Huyo kipa wa akiba alikuwa Mendy.

Yaliyofuata yajulikana. Mwaka wa 2018 Reims walitwaa ubingwa wa daraja la pili wakapanda, yeye akiwa langoni. Mwaka wa 2019 akaenda Rennes, na mwaka wa 2020 akaenda Chelsea ya London. Tarehe 29 Mei 2021, mjini Porto, Chelsea walitwaa kombe la mabingwa wa Ulaya kwa bao moja kwa bila dhidi ya Manchester City. Tarehe 6 Februari 2022, mjini Yaoundé, aliokoa penalti katika fainali dhidi ya Misri, na Senegal wakapata Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Kutoka ofisi ya wasio na kazi mpaka Porto haikupita hata miaka 7.

Sasa wasikilizaji, tungeweza kukomea hapa na kuwaambia: vumilieni, nanyi mtakuwa mabingwa. Lakini hilo halingekuwa neno la kweli. Wako makipa wengi waliofanya mazoezi kwa bidii ile ile, wakangoja vile vile, na simu haikulia mpaka leo. Mchungaji asiwaahidi watu kikombe ambacho Mungu hakuwaahidi. Tukisema kwamba kungoja kwafaa kwa sababu mwisho wake ni ushindi, basi yule asiyeshinda tutamwambia nini?

Tutazame Maandiko. Samweli alipofika nyumbani kwa Yese, wana 7 walipitishwa mbele yake, na wa 8 hakuitwa hata kidogo. Alikuwa malishoni. Ilibidi atumiwe mtu. Daudi akaja, akapakwa mafuta mbele ya ndugu zake. Je, siku ile ile alipewa kiti cha enzi? Hasha. Sura inayofuata yatuonyesha akienda kwa Sauli na kurudi Bethlehemu kuwalisha kondoo wa baba yake. Kijana aliyetiwa mafuta ya ufalme, bado ananuka zizi! Na ndugu yake mkubwa akamdharau kwa ajili ya wale kondoo wachache wa nyikani.

Lakini sikilizeni vile Daudi alivyomjibu Sauli. Hakuwa na cheo cha kumwonyesha, wala vita alivyopigana. Alikuwa na habari za zizini: simba alikuja, dubu alikuja, naye akawafuatia akawapokonya mwana-kondoo kinywani. Wengi wetu husoma habari hizo kama mazoezi ya kumwendea Goliathi. Ni kweli, yalikuwa mazoezi. Lakini yule mwana-kondoo hakuwa mazoezi. Alikuwa na uhai wake. Kama Goliathi asingalikuja kamwe, kama Daudi angalizeeka huko nyikani, bado yule mwana-kondoo angalikuwa ameokolewa, na Mungu angalikuwa ameona. Tena asubuhi ile alipotumwa vitani, Daudi hakuwatupa kondoo. Aliwaacha kwanza mikononi mwa mlinzi. Huyo ndiye mtu wa kuaminiwa.

Hili ndilo neno letu la leo. Mwaka usio na timu si mwaka uliotupwa. Si chumba cha kungojea ambamo maisha hayajaanza. Mungu hakuoni siku ya kombe peke yake; akuona leo, shambani kwa mama yako, kwenye kibarua cha kubeba mawe, ukimfundisha mdogo wako hesabu jioni. Kazi hiyo ina mwana-kondoo wake. Ifanye vema kwa ajili ya huyo, wala si kwa ajili ya Goliathi atakayekuja au asiyekuja. Na mlango ukifunguka, mikono yako itakuwa tayari. Usipofunguka, mikono yako itakuwa imefanya jambo jema.

Twasema na nyinyi wazazi. Yese hakumchukia mwanawe. Alimsahau tu alipowahesabu wanaofaa. Je, yuko mtoto nyumbani mwako ambaye humhesabu tena kwa sababu hana mshahara? Wageni wakija, wamtaja yule aliye Nairobi na kumnyamazia huyu aliyekuteka maji asubuhi? Mwite aje mezani. Mwambie mbele ya wenzake kwamba kazi yake umeiona.

Na twasema na sisi sote tulio na kazi. Kumbukeni ya kwamba Mendy hakuipata nafasi ya Marseille kwa mazoezi peke yake. Mwenzake wa zamani alimkumbuka, akalitaja jina lake mahali pa kufaa. Halikumgharimu fedha. Wangapi kati yetu twajua mahali panapohitajiwa mtu, na twamjua kijana mwaminifu, lakini hatujafungua vinywa? Na kama umemwahidi kijana msaada nawe umeshindwa, usijifiche. Mpigie umwambie kweli, apate kutafuta pengine. Afadhali jibu chungu leo kuliko kumfungia mtu mlangoni mwaka mzima kwa ahadi.

Vijana wetu, kesho asubuhi amkeni saa ile ile ambayo mngeamka kama mngekuwa na kazi. Chagueni jambo moja la mikono yenu lisife: kama wewe ni fundi, shika randa, kama ni mwalimu, watafute watoto wawili wa jirani, kama ni kipa, nenda uwanjani. Na Jumapili msiketi nyuma mkatoroka kabla ya salamu. Kanisa si la wenye mishahara.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe uliyemwona mchungaji mdogo kabla hajaitwa nyumbani, waone vijana wetu wanaongoja. Wape mkate wa leo, na kazi ya leo, na moyo usiojidharau. Utufumbue macho sisi tulio na nafasi, tuyakumbuke majina yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.