Mpenzi wa Mpira Atufundisha Kukesha
(Dominika ya Kwanza ya Majilio)



Leo Mama Kanisa anaanza kipindi cha Majilio, na Injili inatuagiza kukesha, kwa kuwa hatuijui siku wala saa ya kuja kwake Bwana. Je, kukesha ni nini? Ili tuelewe, na tumtazame mtu ambaye sote tunamfahamu, yaani mpenzi wa mpira anayengoja mechi ijayo ya timu yake.

Watani wa jadi, Yanga iliyoanzishwa mwaka 1935 na Simba iliyoanzishwa mwaka 1936, wanapokaribia kukutana katika ligi, mpenzi huyo hahitaji kukumbushwa. Jezi amekwisha kuifua. Fedha ya kiingilio ameidunduliza. Anajua ni mchezaji gani ameumia na ni yupi anatumikia adhabu ya kadi. Kazi zake anazimaliza mapema ili siku hiyo awe na nafasi. Mechi haijachezwa, lakini imekwisha kulibadili juma lake zima. Hilo ndilo tumaini, ndugu wapendwa: jambo ambalo bado halijaja, nalo linatawala namna tunavyoishi leo.

Basi, tujiulize: ni kitu gani katika juma letu kimebadilika kwa sababu tunamngoja Bwana? Kila Dominika tunakiri katika Kanuni ya Imani kwamba atakuja tena. Kisha tunarudi nyumbani, na jirani tuliyekosana naye tangu Pasaka hatujampa mkono, na ujira wa kibarua wetu haujalipwa bado.

Hatuulaumu mpira. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, alichukua mfano wa wakimbiaji wanaojinyima mengi kwa ajili ya taji liharibikalo. Hakuwadharau, bali aliwataka Wakristo wawe na bidii kama yao kwa ajili ya taji lisiloharibika.

Lakini tumaini la uwanjani lina mipaka yake. Tarehe 8 Machi 2025, wapenzi wengi walikuwa wamekwisha kusafiri hadi Dar es Salaam, na siku ile ile mechi ya watani ikaahirishwa. Ilichezwa tarehe 25 Juni, na Yanga ikashinda 2–0. Upande mmoja uliimba, na upande wa pili ukarudi nyumbani kimya. Kimya hicho hupita upesi. Lakini baba aliyeicheza kamari ada ya shule ya mtoto wake, akitumaini matokeo, atamwambia nini mtoto huyo Jumatatu asubuhi? Mchezo unapodai mkate wa nyumbani, haujabaki kuwa mchezo tena. Umekuwa bwana wa pili.

Siku ya Bwana wetu hatuijui, lakini haitaahirishwa. Nayo haitakuwa ya Simba dhidi ya Yanga, kwani wote wawili hupiga magoti katika benchi moja kanisani na kupokea Mwili mmoja.

Kwa hiyo, juma hili tufanye jambo moja tu. Kabla ya kubishana juu ya kikosi cha timu, twende tukapatane na yule jirani, na yule kibarua tumlipe haki yake. Na Jumamosi jioni, tunapoiandaa nguo ya Dominika, tuiandae na mioyo yetu kwa kuisoma Injili pamoja na watoto wetu.

Bwana atakapokuja, atukute macho. Amina.