Mashine Moja, Kazi Nyingi: Tujiulize Kabla ya Kukopa

(Hotuba iliyotolewa na wanachama wa kikundi cha ufumaji katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, ukumbi wa parokia.)



Tumeombwa kusema juu ya ile mashine kubwa ya umeme ya kufuma ambayo vikundi vyetu vitatu vinafikiria kuinunua kwa mkopo. Kura itapigwa mkutano ujao. Sisi hatukuja kuipinga, wala hatukuja kuipigia debe. Tumekuja kueleza yaliyotupata, na tuliyojifunza kutoka kwa wenye viwanda vikubwa, ili kila mtu apige kura akijua anachokifanya.

Tuanze nyumbani. Tulikuwa na mashine mbili za mkono tulizonunua kwa mkopo. Tukapata shule moja yenye watoto wengi, tukafuma sweta za kijani. Tuliona kwamba ukifuma rangi moja na kipimo kimoja kutwa nzima, kazi inakwenda mbio. Basi tukafuma tukaweka akiba. Muhula ulipofunguliwa, shule ikawa imebadilisha rangi ya sare. Sweta 70 zikabaki kwenye gunia. Na wale wazazi wa shule zingine waliokuwa wakija na oda ndogo ndogo, sita hapa, kumi pale? Tulikuwa tumewaambia warudi mwezi ujao. Hawakurudi. Mwezi huo tulilipa mkopo kwa pesa za mfukoni, na mama mmoja wetu aliuza kuku wake wote.

Tulidhani huo ni ujinga wa watu wa kijijini. Kumbe hata matajiri wamepitia njia hiyo hiyo.

Huko Marekani, Henry Ford alianza kuuza gari liitwalo Model T mwaka 1908. Mwaka 1913 akapanga kazi kwa mstari: gari linasogea, na kila mfanyakazi anafanya kitu kimoja tu. Gari lililouzwa mwanzoni kwa zaidi ya dola 800 lilishuka bei mpaka chini ya dola 300 kufikia mwaka 1925. Tusimdharau, watu wengi wa kawaida walipata gari kwa sababu yake, na yaliuzwa zaidi ya milioni 15. Lakini kiwanda chake kilikuwa kimejengwa kwa gari hilo moja. Wanunuzi walipoanza kutaka kitu kingine, wapinzani wake walikuwa nacho tayari. Mwaka 1927 Ford alilazimika kusimamisha kazi kwa miezi kadhaa ili abadilishe mashine zake atengeneze gari jipya. Maelfu ya wafanyakazi walikaa nyumbani bila mshahara, na mwaka huo huo Chevrolet ikampita kwa mauzo. Sweta zetu 70, jamani, zilikuwa Model T yetu.

Sasa twende Japani. Mwaka 1950 kampuni ya Toyota ilikuwa karibu kuanguka. Madeni yalikuwa mengi, wafanyakazi waligoma, na mwanzilishi wa kazi ya magari, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Soko la nchi yao lilikuwa dogo, na wateja walitaka magari ya namna mbalimbali, lakini machache machache. Hawakuwa na pesa za kununua mashine moja kwa kila kipande kama Waamerika. Walihitaji mashine moja ifanye kazi nyingi.

Shida ilikuwa kwenye kubadilisha. Mlango wa gari hutengenezwa kwa kubonyeza bati kati ya kalibu mbili nzito za chuma. Ukitaka kutengeneza kipande kingine, lazima utoe kalibu hizo na kuweka zingine, na mashine imelala wakati huo wote. Mwaka 1969 mashine moja kubwa ya Toyota ilikuwa ikichukua saa nne kubadilishwa. Mhandisi Shigeo Shingo akafanya kazi na mafundi wa pale, ikashuka hadi dakika 90. Halafu wakubwa wakadai zaidi, ikafika dakika tatu. Tumesema dakika tatu!

Hapo wengine watatuambia: haraka haraka haina baraka. Ni kweli. Lakini mafundi wale hawakukimbia kama wendawazimu. Walitenga kazi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni lile linaloweza kufanywa mashine ikiwa bado inafanya kazi: kuleta kalibu karibu, kuikagua, kuandaa spana na bolti. Fungu la pili ni lile la lazima mashine isimame. Wakahamisha kila walichoweza kutoka fungu la pili kwenda la kwanza. Kina mama wanalijua hili bila kwenda Japani. Mpishi hangoji mafuta yaive ndipo aanze kumenya kitunguu.

Baadaye kompyuta zikaingia. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Molins ya London, iliyojulikana kwa mashine za kutengenezea sigara, ilibuni mpango ulioitwa System 24, maanake mashine ziweze kufanya kazi saa 24. Kutoka hapo ukakua ule ambao tunaweza kuuita mfumo wa utengenezaji unaogeuzika. Ni kundi la mashine zinazoongozwa na kompyuta. Vipande vinabebwa vyenyewe kutoka mashine moja hadi nyingine. Vifaa vya kukatia vimepangwa tayari, na mashine huchukua kile inachohitaji. Ukibadilisha maagizo, mashine zile zile zinatengeneza kipande tofauti. Faida yake ni kwamba mwenye kiwanda anaweza kupokea oda ndogo bila hasara, anaweza kumjibu mteja upesi, na hana haja ya kujaza ghala vitu ambavyo huenda visinunuliwe.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo penye kura yetu. Mwaka 1986 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Ramchandran Jaikumar, aliandika juu ya viwanda vya Marekani na Japani vilivyokuwa na mifumo hiyo. Mitambo ilikuwa ya aina moja, na mingine ilifanana kabisa. Lakini mtambo wa Marekani ulikuwa ukitengeneza kwa wastani aina 10 za vipande, na wa Japani aina 93. Kwa nini? Tofauti haikuwa chuma. Tofauti ilikuwa watu. Wajapani walikuwa na vikundi vidogo vya mafundi waliofundishwa vizuri, walioruhusiwa kuendelea kuirekebisha kazi. Waamerika walinunua mashine inayogeuzika, kisha wakaitumia kama ile ya Ford. Walilipia mabawa, wakaendelea kutembea kwa miguu.

Basi sisi tulifanya nini baada ya lile gunia? Hatukununua chochote. Tulikaa chini tukahesabu muda. Kubadilisha mashine kutoka rangi na kipimo kimoja hadi kingine kulikuwa kunatula asubuhi nzima. Nyuzi zilitafutwa kwenye magunia. Vipimo vya shule vilikuwa kichwani mwa mama mmoja tu, na akienda msibani kazi inasimama. Tukaandika vipimo vyote kwenye kadi na kuzitundika ukutani. Nyuzi tukazipanga kwa rangi. Mmoja wetu akapewa kazi ya kuandaa oda inayofuata wakati ya sasa bado iko kwenye mashine. Na kila mwanachama akajifunza kufuma, kuunganisha na kupima. Siku hizi kubadilisha kunachukua karibu nusu saa. Tunapokea oda ya sweta nne bila kununa. Hatufumi tena akiba kubwa kabla ya kulipwa kianzio. Hatujatajirika, lakini mkopo ule tumeumaliza.

Tuseme ukweli pia: kugeuka kuna mpaka wake. Tulipojaribu kufuma sweta, kofia, soksi na vitambaa vya meza kwa pamoja, tulichanganyikiwa na kazi ikaharibika. Tukarudi kwenye sweta na kofia.

Ndugu zetu, Bwana Yesu alitufundisha kwamba mwenye kutaka kujenga mnara hukaa kwanza ahesabu gharama. Mashine hiyo ya umeme inaweza kutuinua, na inaweza kutuuzia kuku wote. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kiende nyumbani na maswali haya, kiyajadili, kisha kije na majibu siku ya kura:

1. Mashine hii inaweza kufanya kazi za aina ngapi, na tumeziona kwa macho au tumeambiwa na muuzaji?

2. Kubadilisha kutoka kazi moja hadi nyingine kunachukua muda gani? Muuzaji abadilishe mbele yetu, tukishika saa.

3. Ni wanachama wangapi watafundishwa? Kama ni mmoja, ataondoka au ataugua, tutafanya nini?

4. Umeme ukipotea au kipuri kikivunjika, fundi yuko wapi?

5. Mteja wetu mkubwa akituacha kesho, mashine hii itatulisha kwa kazi gani?

6. Je, mashine tulizo nazo tayari tumezitumia mpaka mwisho wa uwezo wake?

Kikundi kitakachojibu maswali yote sita bila kubabaika, sisi tutanyoosha mkono pamoja nacho. Kikibabaika, tungoje kwanza, tujifunze. Samaki mkunje angali mbichi. Na kikundi ni hivyo hivyo, kikunjwe kabla mkopo haujakikausha.