Tuandae Miguu, Tuandae na Moyo

*Hotuba ya mratibu wa michezo ya vijana kwenye semina ya kamati za parokia, Dodoma*



Nimeombwa kuzungumzia saikolojia ya michezo. Najua wapo wanaojiuliza: visima vyetu vinakauka, na huyu anatuletea habari za mawazo ya wacheza mpira? Naomba mnivumilie.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kocha wa timu ya vijana. Katika fainali, kijana wetu wa miaka 16 alikosa penalti ya mwisho. Nilimfokea mbele ya watu wote, na wenzake wakaendelea pale nilipoishia. Hakurudi tena mazoezini. Baadaye nikasikia ameacha na shule, anajifungia ndani, usiku halali. Mama yake alikuja kwangu na swali moja tu: "Mwalimu, mlimfanya nini mwanangu?" Sikuwa na jibu. Namshukuru Mungu kijana yule alipata msaada, na leo ana familia yake. Lakini swali la mama yule ndilo lililonifanya nianze kujifunza haya ninayowaeleza.

Saikolojia ya michezo ni elimu inayoangalia jinsi mawazo na hisia zinavyoathiri mchezo, na jinsi mchezo nao unavyoathiri mawazo na hisia. Kazi yake ni mbili: kumsaidia mchezaji afanye vizuri zaidi, na kumlinda asiumie ndani kwa ndani. Mtu akishikwa na hofu moyo hudunda, pumzi huwa fupi, misuli hukaza. Mguu uliofunga mara nyingi mazoezini unakuwa mzito, ingawa goli liko mita 11 tu na halijasogea. Kumfokea mtu wa namna hiyo ni kumwongezea mzigo ule ule uliomwangusha.

Ndugu zangu, sisi watu wa kanda ya kati hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Juma Ikangaa ni mzaliwa wa Dodoma. Mwaka 1988, katika mbio za Boston nchini Marekani, alikimbia kilomita 42 na ushei, akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Sekunde moja, baada ya saa 2 na dakika 8! Mwaka 1989 akarudi Boston, akawa wa pili tena. Wengi wetu tungesema basi, bahati si yangu. Yeye alirudi kwenye mazoezi, akifikia zaidi ya kilomita 300 kwa wiki, na Novemba mwaka huo huo akashinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Ilikuwa rekodi ya mbio zile, na ilidumu hadi mwaka 2001. Anakumbukwa pia kwa kusema kwamba nia ya kushinda si kitu kama huna nia ya kujiandaa.

Jirani zetu wa Singida nao wana Alphonce Simbu. Aprili 2025 naye alishika nafasi ya pili Boston. Septemba 15 mwaka huo huo, mjini Tokyo, aliingia uwanjani akiwa nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akampita kwenye mstari kwa tofauti ya sekunde 0.03. Ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika Mashindano ya Dunia ya Riadha. Wanaume wawili wamechoka sawasawa, miguu inauma sawasawa. Hapo anayeamini kwamba bado hajashindwa ana faida kubwa.

Lakini nisiwadanganye kwamba kila shujaa hujiponya mwenyewe. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Nchi yake ilisusia Olimpiki za mwaka 1976 na 1980, hivyo hakupata kukimbia hata moja. Baadaye pombe ilimtawala, na akafikia hatua ya kukosa mahali pa kulala huko Marekani. Alijinasua baada ya miaka mingi, akaandika mwenyewe habari za maisha yake, na alifariki mwaka 2024. Wakati wa rekodi watu walimshangilia. Wakati wa giza walikuwa wapi?

Mwaka 2019 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu afya ya akili ya wanamichezo. Yapo mambo ambayo hata timu ya kijijini inayaweza. Kwanza, mfundishe kijana kuvuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu kabla ya kupiga mpira. Pili, afumbe macho na kuliona tendo analotaka kulifanya, hatua kwa hatua. Tatu, ajiwekee lengo lililo mikononi mwake: badala ya "lazima tushinde", aseme "nitamkaba mtu wangu hadi mwisho". Nne, achunge maneno anayojiambia. Anayejiita bure kila siku mwishowe huamini.

Pia tujifunze dalili. Kijana akikosa usingizi, akikataa chakula, akijitenga, akiwa na hasira au huzuni kwa wiki mbili au zaidi, huyo hahitaji mazoezi ya ziada. Anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kwa mtaalamu. Na hapa tuseme ukweli. Tunayo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe hapa hapa Dodoma, lakini jina lake tumelifanya utani na tusi. "Huyu wa Mirembe huyu," tunacheka. Kijana anayesikia utani huo atakuambia lini kwamba halali usiku? Aliyevunjika mguu tunambeba kwa machela. Aliyevunjika moyo naye tumbebe.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe, nina maombi matatu. Kila timu iwe na mlezi mmoja, mama au baba, aliyefundishwa kusikiliza na kutunza siri. Kila kamati ikubaliane na makocha wake kwamba kumtukana mchezaji ni mwiko. Na kila parokia ifahamiane na mganga wa kituo cha afya kilicho karibu, ili kijana akihitaji msaada tujue pa kuanzia.

Kwenu wafadhili wetu, tunashukuru sana kwa mipira na jezi. Mnapopokea bajeti zetu na kukuta mstari wa mafunzo ya walezi, tafadhali msiukate. Jezi huchakaa kwa msimu mmoja au miwili. Kijana aliyefundishwa kusimama tena baada ya kuanguka atakwenda na somo hilo shambani, kwenye ndoa yake na kazini kwake.

Mama yule aliniuliza tulimfanya nini mwanawe. Tujitahidi ili siku nyingine tukiulizwa hivyo, tuwe na jibu la kumpa mzazi bila kuinamisha kichwa.