UA LA NJIANI NA CHEMBE ZA KANSA

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kando ya njia ya kwenda maabara palikuwa na maua madogo, mengine meupe, mengine ya rangi ya waridi, yenye petali tano. Waliochelewa kengele walipewa adhabu ya kuyamwagilia. Asili yake ni Bukini.

Mwaka 1952 majani ya mmea huo yalipelekwa Kanada kutoka Jamaika, ambako watu waliyachemsha kutibu kisukari. Robert Noble na Charles Beer waliyajaribu kwa panya. Sukari haikushuka, kilichopungua ni chembe nyeupe za damu. Wangeweza kuyatupa, lakini waliuliza kwa nini. Mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Hufanyaje kazi? Chembe inapogawanyika hujenga nyuzi nyembamba za protini, ambazo huvuta kromosomu, nusu huku na nusu kule. Dawa hizi hushika vipande vya protini hiyo, nyuzi zisijengeke. Chini ya hadubini utaona kromosomu zimekwama. Chembe haigawanyiki, mwisho hufa. Vinkristini ni miongoni mwa dawa zinazotumika hadi leo kwa watoto wenye uvimbe wa taya alioueleza Daktari Denis Burkitt wa Uganda mwaka 1958.

Sasa nawaambieni linaloniuma. Mwenzetu mmoja wa bweni, msomi, alipata kansa. Alikunywa majani hayo miezi minne kabla ya kwenda hospitali, na alipofika ugonjwa ulikwisha kuenea. Tulimzika. Aliyemsimulia habari za ua hilo ni mimi, tena niliishia nusu.

Nusu niliyoiacha ni hii: mmea huo una sumu. Mamia ya kilo za majani makavu hutoa dawa kidogo mno, nayo hupimwa kwa miligramu na kudungwa kwenye mshipa wa damu. Ikizidi, hudhuru hata mishipa ya fahamu. Tena kuua chembe ndani ya chupa si kumponya mtu. Hata spiriti huziua.

Wadogo zetu, msidharau majani ya wazee, maana utafiti ulianzia huko. Lakini mkisimulia elimu, isimulieni yote.