Sheria Moja, Uzito Tofauti

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinatoa adhabu ya jela, miaka 30 hadi maisha, kwa ngono kinyume cha maumbile, bila kuuliza kipato. Lakini Februari 2017, Serikali ilipozuia vituo 40 kuwapa mashoga na makundi mengine huduma za Ukimwi, mwenye fedha alibaki na daktari binafsi. Maskini alipoteza tegemeo lake.

Wapo wanaodai tofauti hiyo si hoja, kwa kuwa dini na mila huwakataa wote. Ni kweli, ila kukataliwa hakulingani: mwenye mshahara hupanga nyumba mjini akajifungia faragha yake, ilhali kijana wa shambani Rulenge anayetegemea migomba ya baba yake, akijulikana, aweza kukosa chakula, makazi na urithi kwa mkupuo. Anayelijadili suala hili kwa maadili pekee ameuacha umaskini nje ya hesabu.